Kuta Zisizonyooka za Chake Chake

Kutoka bandari ya Mkoani, daladala la 603 lilitupitisha vilima na mashamba kama kilomita 30 hivi hadi Chake Chake, Pemba. Ulikuwa msimu wa karafuu. Zilikuwa zimeanikwa majamvini kando ya barabara, na harufu haikutuacha njia nzima. Mimi na stendi yangu ya kamera tulikuwa tumebanana na gunia la mtu.

Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya majengo, hasa mapya. Huko unatafuta mistari: dari inapokutana na ukuta, kivuli kinavyoikata sakafu. Kamera lazima ikae sawasawa, la sivyo ukuta unaonekana unaanguka.

Makumbusho ya Pemba yamo ndani ya mabaki ya ngome ya karne ya 18, enzi ya Waomani. Sehemu kubwa ilivunjwa mwanzoni mwa karne ya 20 kupisha hospitali. Nikasimamisha stendi mlangoni, nikatazama pimamaji: kamera iko sawa, ukuta ndio ulioinama. Chokaa imetuna hapa, imebonyea pale, na kona sikuipata hata moja ya nyuzi 90. Nikasogea mpaka lenzi ikajaa ukuta mtupu. Tabaka juu ya tabaka za chokaa, na pale ilipobanduka, tumbawe lenye vitundu vyake vya baharini. Mwashi alijaza chokaa kila jiwe lilipokataa kukaa.

Si kwamba waashi wa mwambao hawakuwa na vipimo. Katika nyumba za mawe za Waswahili, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, yaani kama meta 2.5 hadi 3. Vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mkoko ndio uliochora ramani.

Mama mmoja aliyekuja kutembea alinionea huruma. Akanionyesha kwenye simu picha alizotumiwa na nduguye wa Maskati: makumbusho ya Manah, Oman, yaliyofunguliwa 2023, pembe zake kali zikiiga milima ya Hajar.

“Hili ndilo la kupiga, mwanangu. Hapo wapiga nini, ukungu?”

“Napiga ukuta, mama.”

Akacheka. Picha zile zilikuwa nzuri, tena nzuri mno. Nadhani yeyote atakayesimama pale na simu atatoka na picha hiyo hiyo, maana mbunifu ameshamchagulia pa kusimama. Ngomeni hakuna aliyekuchagulia.

Jioni nikaenda Madungu, kwenye majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Zege tupu, ngazi zinazofanana ghorofa hadi ghorofa. Hapo pimamaji na ukuta vilielewana.

Programu yangu ya picha ina kitufe cha kunyoosha mistari. Za Madungu nimezinyoosha zote. Za ngome nimeziacha na uinamo wake, na mhariri akilalamika nitamwambia apande boti akapime mwenyewe.