Sanduku la Makufuli Matatu

Kabla ya kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, huku Kasumulu mpakani na Malawi tulikuwa na mchezo. Mama na wauza mchele wenzake walichanga kila siku ya gulio, fungu lote likamwendea mmoja. Gulio lijalo, mwingine. Aliyepokea alinunua mpunga wa kukoboa, au vitenge vya kuvusha mto Songwe kwenda kuuza Malawi. Ubaya wake ni kwamba homa ya mtoto haingoji zamu yako. Masika mto ulipofurika na mbu kuzagaa, wanawake waliuza mpunga ungali kijani shambani, kwa bei aliyoitaka mnunuzi, ili wapate nauli na dawa. Malaria ilikula mitaji mingi kuliko hasara ya biashara. Wanaosifu mikopo midogo, na hata wanaoibeza, hesabu hiyo huwa wanairuka.

Vikoba vilitufikia miaka ya 2000. Asili yake ni Maradi, nchini Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na wanawake waliokopeshana akiba zao wenyewe bila benki. Kwetu kikoba kilikuja na sanduku la bati lenye makufuli matatu, funguo zikikaa kwa wanawake watatu wasio na undugu. Hisa zilihesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Pembeni kulikuwa na bakuli la plastiki la mfuko wa jamii: mchango mdogo wa ugonjwa na msiba, ambao anayesaidiwa nao hatozwi riba. Baba alilidharau sanduku hilo, kisha Desemba ilipokaribia akawa wa kwanza kuuliza linavunjwa lini ili akiba zigawanywe.

Mwenyekiti, mama mmoja mjanja, alimwomba nesi wa zahanati awe anakuja kufundisha. Akapanga somo litangulie na mikopo ifuate, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuondoka. Miezi ya mwanzo walimsikiliza huku wakipiga miayo. Chemsheni maji, laleni ndani ya chandarua, nawisheni watoto: hayo walikwisha kuyasikia kliniki.

Kisha siku moja nesi akasema kila kaya ichimbe choo kirefu. Mama akasimama.

"Ndaga, asante kwa somo, mwanangu. Ila wewe umeshawahi kuchimba shimo huku bondeni? Hata kiunoni halijafika, umeshakuta maji."

Watu walicheka, na nesi akacheka nao. Mkutano uliofuata alikuja na bwana afya, na mazungumzo yakawa ya choo cha kuinuliwa juu ya ardhi, cha matofali ya kuchoma na saruji, ambacho mafuriko hayakizoi. Saruji ni pesa, na pesa zilikuwa palepale, mbele ya miguu yao. Wakapitisha mkopo wa choo, riba nusu ya ile ya biashara. Kuanzia hapo somo likawa na maswali mengi kuliko hesabu za hisa, kwa sababu jibu la nesi liliweza kugeuka mkopo jioni hiyohiyo. Mimi nilipewa kazi ya kubeba matofali, na sikuipenda.

Si kila pigo lilitokana na ugonjwa. Mei 2012 Malawi ilipunguza thamani ya kwacha kwa kama theluthi moja. Wateja wa vitenge wa ng'ambo wakamlipa mama kwacha zilezile walizokubaliana, ilhali yeye deni lake kikobani lilikuwa la shilingi. Wenzake wakamwongezea muda bila faini.

Kipindupindu kilipolipuka Malawi mwaka 2022, kikaja kuua watu zaidi ya 1,700 nchini humo, wanachama hawakungoja kufundishwa. Wauza chakula wa kikundi walijiwekea sheria: banda lisilo na ndoo ya kunawia na sabuni linatozwa faini sawa na mchelewaji wa mkutano. Nasikia faini hizo zilitunisha mfuko kweli.

Siku hizi wasichana wengine wanakimbilia mikopo ya kausha damu, inayotolewa upesi na kudaiwa kwa matusi. Wengine wanasubiri fungu la wanawake la halmashauri, asilimia 4 ya mapato yake ya ndani. Sanduku bado lipo. Ugomvi mkubwa niliokuta nilipokwenda likizo ulihusu bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, wakati huo shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mama na wazee wenzake walitaka mfuko wa jamii umlipie kila mwanachama. Vijana wakasema kadi hiyo ukifika nayo dirisha la dawa unaambiwa ukanunue nje. Wakapiga kura, na wazee wakashindwa.