Shabiki na Habari

Mpenzi wa mpira wa miguu huishi kwa vyakula viwili: mchezo wenyewe na habari za mchezo. Cha kwanza hukila mara moja au mbili kwa juma. Cha pili hukila kila siku. Kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa mwenye kumpa habari aweza kumlisha lolote. Watu wa Liverpool, mji wa bandari katika Uingereza, wamekwisha kuonyesha kuwa dhana hiyo si kweli.

Tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool na Nottingham Forest zilikutana katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, kuwania nafasi ya fainali ya Kombe la FA. Nje palikuwa na msongamano, polisi wakafungua lango kubwa. Umati ulipita njia iliyo chini ya jukwaa, ukaingia katika vizimba vya uzio wa chuma vilivyokuwa vimejaa tayari. Mchezo ulisimamishwa saa tisa na dakika 6 alasiri. Watu 97 walipoteza maisha kwa msiba ule. Wa mwisho wao alifariki mwaka 2021.

Siku nne baadaye gazeti la The Sun lilitoa shutuma katika ukurasa wake wa kwanza, na juu yake likaandika kwa herufi kubwa kuwa huo ndio ukweli. Lilidai kuwa washabiki waliwaibia wahanga na kuwapiga waokoaji. Msiba ni mzito. Msiba uliotiwa matusi huwa mzito maradufu. Watu wengi wa Liverpool waliacha kulinunua gazeti lile, na wengi hawalinunui hata leo. Silaha yao ilikuwa sarafu iliyobaki mfukoni.

Ukweli ulikawia, lakini ulifika. Mwaka 2012 jopo huru lilifichua kuwa maelezo 164 ya polisi yalikuwa yamebadilishwa, na katika 116 kati ya hayo yalifutwa maneno yasiyowapendeza polisi. Gazeti likaomba radhi. Mwaka 2016 baraza la wananchi walioketi mahakamani liliamua kuwa marehemu waliuawa kinyume cha sheria, na kuwa washabiki hawakuwa na lawama. Mwaka 2017 klabu ya Liverpool iliwazuia waandishi wa gazeti hilo kuingia viwanjani mwake.

Hapa shabiki mwenye kufikiri hukuta fundo. Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza mwaka 1992, michezo yake ilioneshwa na televisheni ya BSkyB, kwa mapatano ya pauni milioni 304 kwa miaka 5, sehemu ya BBC ikiwamo. Mwenye hisa nyingi katika BSkyB alikuwa kampuni ya Rupert Murdoch, ambayo pia ilimiliki The Sun. Basi nyumba iliyolifungia gazeti mlango ililipa ada ya televisheni kwa tajiri yule yule.

Je, huo ni unafiki? La. Gazeti lina badala yake. Aliyekataa moja hupata jingine kwa bei ile ile. Timu haina badala. Mtu aliyeirithi kwa baba yake hawezi kuibadili kama abadilivyo kanzu, na mwenye kuuza kisicho na badala hujipangia bei. Mwaka 2018 Sky ilinunuliwa na Comcast ya Marekani. Mwenye duka alibadilika; mnunuzi alibaki pale pale.

Jambo hili halimhusu Mwingereza peke yake. Shabiki wa Mombasa au Dar es Salaam, ambaye aghalabu huijua Anfield kwa kioo na maandishi tu, yumo mikononi mwa watoa habari kuliko jirani wa uwanja, kwani jirani anaweza kumwuliza aliyekuwapo. Huenda asiweze kuikataa picha, lakini maneno yanayofuatana nayo anaweza kuyapima. Watu wa Liverpool waliyapima, wakayakataa, wakangoja miaka 27 kusikia mahakama ikisema waliyoyajua tangu siku ya kwanza.