Daftari Linapodanganya

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na aghalabu hatuidadisi. Inachukulia kwamba daftari lenyewe ni aminifu. Kwamba ukiandika mia leo, kesho utaikuta mia. Je, daftari likiwa ndilo linalobadilisha hesabu, tena kimyakimya, mwenye mali atajuaje? Swali hili lilinijia nikiwa katikati ya utafiti wangu wa uzamili, na sehemu ya jibu lake niliipata ndani ya kasha la tarakilishi.

Mwaka 2023 nilikuwa nikinukuu nyimbo na masimulizi niliyoyarekodi kwa wazee wa pwani ya Kenya. Kila mtafiti wa fasihi simulizi anajua jinsi unukuzi unavyochosha. Nilitumia tarakilishi ya mezani ya mtumba, yenye vijiti viwili vya kumbukumbu, kila kimoja cha gigabaiti 4. Baada ya miezi kadhaa mashine ikaanza vituko. Mara skrini igeuke samawati na mashine ijizime, mara faili iliyofunguka jana ikatae kufunguka leo. Wenzangu walishuku virusi, lakini programu ya kusaka virusi ilipita isione kitu. Wengine walishuku diski kuu, nayo ikapimwa ikaonekana nzima. Lililonitia hofu zaidi lilikuwa dogo kuliko hayo yote: katika wimbo mmoja nilisoma neno "pinda" mahali ambapo sikio langu lilikumbuka "panda".

Kumbukumbu ya aina hii hutokana na uvumbuzi wa Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1968. Kila seli ina transista moja na kapasita moja. Kapasita yenye chaji husomwa kuwa 1, na isiyo nayo husomwa kuwa 0. Chaji hiyo huvuja kama maji katika mtungi wenye ufa, hivyo mashine hulazimika kuijaza upya, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64. Kijiti cha gigabaiti 4 kina seli zaidi ya bilioni 34. Si ajabu basi ikiwa moja kati ya hizo itashindwa kazi.

Waama, seli moja yatosha kuleta maafa. Katika tarakilishi, herufi "a" huhifadhiwa kama 01100001, nayo "i" kama 01101001. Tofauti yao ni biti moja tu. Seli iliyokwama kwenye 1 mahali hapo huweza kugeuza "panda" kuwa "pinda", "haki" kuwa "hiki", "shaka" kuwa "shika" na "kama" kuwa "kima". Wanaisimu watatambua papo hapo kuwa hizi ni jozi za mlinganuo finyu. Programu ya kukagua tahajia haiwezi kuzinasa, maana kila neno ni Kiswahili sanifu. Mzee aliyesahau husita, akajikuna kichwa, akasema hakumbuki vyema. Kijiti kibovu hakisiti. Hujibu kwa uhakika uleule, kiwe kinasema kweli au uongo.

Fundi mmoja wa barabara ya Luthuli, Nairobi, ndiye aliyenionyesha namna ya kumsaka mwongo huyo. Alitumia programu ya bure iitwayo Memtest86+, iliyozaliwa mwaka 2004 kutokana na Memtest86 ya mwaka 1994. Huwekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya programu endeshi, kwa kuwa programu endeshi hukalia sehemu ya kumbukumbu, na mkaguzi hawezi kukagua kiti ambacho mwingine amekikalia. Kazi yake ni kuandika ruwaza za 0 na 1 katika seli, kuzisoma, kuzigeuza na kuzisoma tena, huku ikichunguza kama kuandika katika seli moja kunamsumbua jirani yake. Inachokisoma kikitofautiana na ilichokiandika, hutoa mstari mwekundu pamoja na anwani ya mahali penye kosa.

Tulianza kwa kupima vijiti vyote viwili pamoja. Mistari myekundu ikajitokeza, lakini ilituambia tu kuwa mwongo yumo ndani. Hapo fundi akafanya afanyavyo hakimu: akawatenga mashahidi. Tulizima mashine, tukachomoa waya wa umeme, tukagusa chuma cha kasha ili kuondoa umemetuli mwilini, kisha tukatoa kijiti kimoja. Kijiti cha kwanza kilikaa peke yake katika tundu la kwanza usiku kucha bila kosa. Cha pili, katika tundu lilelile, kikatoa makosa. Fundi hakuishia hapo. Alikihamishia tundu la pili, na makosa yakakifuata. Akaweka cha kwanza katika tundu hilo, pakawa shwari. Kwa njia hiyo tundu zote mbili zilisafishwa jina. Mwishowe akasugua meno ya dhahabu ya kijiti cha pili kwa kifutio cha penseli, akakirudisha, na mistari myekundu ikarudi pia.

"Kijana wangu," aliniambia, "kijiti kikipita mara moja usikisifu. Kuna vinavyokosea vikishapata joto tu."

Kubadilisha kijiti kulikuwa jambo la dakika mbili. Fauka ya hayo, kulikuwa na miezi ya maandishi yaliyokwisha kupita mikononi mwake. Bahati njema, sauti asilia zilikuwa zimebaki katika kadi ya kinasasauti. Nilizisikiliza upya, mshororo kwa mshororo, kwa wiki tano. Nilipata maneno kumi na moja ambayo huenda yaligeuka. Kumi yaliamuliwa na sauti yenyewe. Moja lilikataa. Bibi mmoja aliimba ama "baharini nimepita" ama "baharini nimepata". Upepo ulivuma katika maikrofoni wakati huohuo ukaimeza irabu. Mimi nilisoma "nimepita" katika faili yangu, na faili hiyo haikuwa tena shahidi wa kutegemewa. Bibi mwenyewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Nilimwendea bintiye, naye akaimba "nimepata". Nikamwendea shoga yake wa tangu ujana, akaimba "nimepita".

Hapo ndipo nilipoona mpaka wa kipimo cha fundi. Programu ile humtambua mwongo kwa sababu yenyewe ndiyo iliyoandika, hivyo inajua kilichopasa kusomwa. Sisi tunaochunguza fasihi simulizi aghalabu hatuna asili hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na ni miongo kadhaa baadaye ambapo Mwalimu Sikujua alishirikiana na William Taylor kukusanya mashairi yake. Hakuna anayeweza kumrudia Muyaka amuulize neno. Aidha, binti na shoga wanapotofautiana, huenda hakuna mbovu kati yao. Binadamu akibadilisha neno, yumkini ameliteua. Seli haiteui chochote. Kuyachanganya mabadiliko haya mawili, tukayaita yote kosa au tukayaita yote ubunifu, ni kumdhulumu msanii.

Katika tasnifu yangu nimeyachapa maneno yote mawili katika mshororo huo, nikaeleza ni nani aliyeimba lipi na kwamba rekodi haiamui. Ningepewa nafasi ya kumnasihi mwanafunzi anayejiandaa kwenda nyanjani, ningemwambia apime kumbukumbu za mashine yake usiku mmoja kabla ya kunukuu neno la kwanza, aiweke kadi ya sauti asilia mahali ambapo hakuna mashine itakayoiandikia juu, na amrudie msimulizi kwa matini iliyonukuliwa angali hai, amsomee, amsikilize akisahihisha.