Dawa isiyo na anwani

Najua nilipotea. Nilikuwa nyumbani Bilele, Bukoba, namuuguza shangazi. Ana saratani ya titi, na alikuwa ametoka Mwanza kwenye dripu ya tatu. Ni ile nyekundu, doksorubisini. Nywele zimekwisha, mdomo una vidonda, hata ndizi laini hazipiti. Alishaanza kusema hataki tena.

Jioni moja akaniuliza: "Waitu mwanangu, wewe si mwandishi wa habari? Uvimbe uko kwenye titi. Nywele zangu zimekosa nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma.

Kumbe dawa hiyo ikiingia kwenye damu inakwenda kila mahali. Inaua seli zinazogawanyika haraka, na za mizizi ya nywele na za mdomoni nazo ni za haraka. Hata moyo unaweza kudhurika, ndiyo maana kuna kikomo cha dozi ambayo mtu anaweza kupewa maisha yake yote.

Sasa, dawa inaweza kupewa anwani? Wanakemia wameona moja: uchachu. Damu yetu ina pH ya 7.4 hivi. Uvimbe mwingi hutumia sukari kwa pupa na kumwaga asidi, hivyo pembeni yake pH hushuka hadi 6.8, hata 6.5. Ndani ya seli kuna vifuko vichachu zaidi, vingine chini ya 5. Basi wanaunda polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo. Kwenye damu inaishikilia dawa, ikifika penye uchachu inaiachia.

Shangazi nilimweleza kwa maziwa. Mabichi yanatiririka, yakichacha, protini zake zinashikana na yanaganda. Hakuna aliyeyaamuru, ni uchachu tu. Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa: "Hiyo yangu inakuja lini?"

Sikumdanganya. Mjerumani Helmut Ringsdorf alichora wazo la kufunga dawa kwenye polima mwaka 1975. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha doksorubisini iliyofungwa ndani ya viputo vya mafuta, kwa ajili ya saratani ya Kaposi, ugonjwa ambao Kagera tuliujua vizuri baada ya UKIMWI kugunduliwa kwetu 1983. Lakini viputo vile havisubiri uchachu. Polima zinazousubiri nyingi bado ziko maabara. Tofauti ya 7.4 na 6.8 ni ndogo, na uvimbe haufanani mtu na mtu, wala hauna uchachu sawa kila upande.

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Basi mpaka hiyo yenye anwani ifike, niendelee na hii isiyojua njia."

Dripu ya nne ni wiki ijayo. Nimeshakata tiketi mbili za Mwanza.