Utando Unaogeuka

Jumatatu, 3 Februari 2025
Umeme umekatika saa nane mchana. Pampu ikazima, ombwe nililolihangaikia tangu alfajiri likaenda na maji, hewa ikapenya chemba ikiwa bado na joto la nyuzi 450. Utando wa vanadi niliokuwa nikiuweka juu ya vipande vinne vya kioo umetoka njano kama embe bivu. Njano hiyo naijua: vanadi imekunywa oksijeni kupita kiasi, ikawa pentoksidi. Mimi natafuta dioksidi.

Jumatano, 5 Februari
Nimeanza upya. Argoni kwanza, kisha oksijeni kwa kudokoa. Ikipungua, sipati kitu. Ikizidi, embe lile lile. Plazma inawaka zambarau nyuma ya kidirisha, nami nimeikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Alhamisi, 6 Februari
Imekubali! Nimeweka sindano nne juu ya utando, nikapasha moto taratibu. Nyuzi 60, ukinzani uko juu. 65, unayumba. Kufika kama 68 ukaporomoka zaidi ya mara mia. Fuwele zimejipanga upya, utando umekuwa na tabia ya metali, na mionzi ya infraredi iliyokuwa ikipita sasa inazuiwa. Kwa macho huoni lolote: kioo ni kilekile, kahawia hafifu. Mwanasayansi Morin alitangaza badiliko hili mwaka 1959, lakini leo nimepiga kelele peke yangu maabara.

Jumanne, 11 Februari
Utando huu ni wa madirisha, lakini dirisha gani litafika nyuzi 68? Nachanganya tungsteni: kila asilimia moja ya atomi zake inashusha joto la badiliko kwa nyuzi ishirini na kitu. Tatizo, kadiri ninavyoiongeza, mporomoko wa ukinzani nao unakuwa butu. Nimerudia mara tatu. Butu.

Jumamosi, 15 Februari
Fundi wa madirisha ya alumini alikuja nyumbani, nikamfungulia kikasha cha sampuli.
“Sista, rangi ya chai hii nani atanunua?”
Nikamweleza: jua likikichoma kioo hiki kinazuia joto, kukipoa kinaliruhusu liingie.
“Kupoa wapi? Hapa Dar?”
Sikuwa na jibu la haraka. Kwa Dar, utando wa kuzuia joto mwaka mzima ungetosha, tena bei nafuu. Huu wangu unawafaa watu wa Makete, ambao Julai huamka majani yakiwa meupe kwa baridi. Miaka miwili nahangaika na oksijeni, swali hilo sijawahi kujiuliza kwa sauti.
Alipoondoka alikuwa bado anasifia kipande kimoja: kile cha embe.