Darasa la Kichina

Ninafundisha Moding, si mbali na Malaba, ambako malori huvuka kuingia Uganda usiku na mchana. Shehena nyingi katika malori hayo hutoka China: pampu, betri, matairi na vyombo vya nyumbani. Siku moja mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliniletea kipande cha boksi la pampu, akaniuliza kwa adabu maandishi yake yanasema nini. Nikamjibu kwamba sijui. Ni neno fupi, walakini mwalimu mwenye umri wa miaka thelathini na mitano hulimeza kwa taabu.

Basi nikatafuta darasa la Kichina katika intaneti. Madarasa ya ana kwa ana yako mbali nasi. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005 ikiwa ya kwanza barani Afrika, ni safari ya karibu siku nzima kwa basi. Nilichagua kama mtu achaguavyo kitambaa gizani, kwa bei na kwa maneno ya muuzaji. Aliahidi kwamba nitazungumza baada ya siku 30. Nikalipa shilingi 3,000, nikapewa masomo yaliyokwisha kurekodiwa, nikawa nayatazama simuni kila usiku. Baada ya miezi miwili daftari langu lilikuwa na maneno 200, na moyo wangu ulikuwa na majivuno yasiyo hesabu.

Majivuno hayo yalikomea Malaba. Jumamosi moja Mchina mmoja alishuka garini kwenye foleni ya mpakani, akasimama mbele ya meza ya ndizi. Mwenye ndizi alikuwa mama yake yule mwanafunzi, na binti mwenyewe alikuwa akimsaidia. Nikajitia katikati, nikamwuliza mgeni kwa Kichina kama anataka kununua ndizi. Alinitazama, akaitazama mikono yake mitupu, akacheka sana. Kisha akamgeukia mwenye mali: "Mama, ndizi hizi pesa ngapi?" Kiswahili chake kilikuwa bora kuliko Kichina changu.

Kosa langu lilikuwa dogo machoni na kubwa masikioni. Mǎi, kwa sauti izamayo chini kisha ikainuka, ni kununua. Mài, kwa sauti iangukayo ghafula, ni kuuza. Nilikuwa nimemwuliza mgeni kama anataka kuuza ndizi! Kichina sanifu kina sauti kuu nne za namna hii. Silabi moja, ma, kwa sauti hizo nne huweza kuwa mama, katani, farasi, au kugombeza. Kiswahili hakina jambo hili, ingawa Kiteso chetu cha nyumbani nacho hutumia kupanda na kushuka kwa sauti, kwa hiyo masikio ya watoto wa hapa si matupu kabisa. Haya yote nilikuwa nimeyasoma katika somo la kwanza. Niliyajua kama ajuavyo kuogelea mtu aliyesoma kitabu cha kuogelea. Miezi miwili nilitamka mài nikidhani natamka mǎi, na mwalimu wa kwenye kioo alitabasamu vilevile kila usiku, kwa kuwa hakunisikia.

Ningalicheka na kusahau, lakini juma lile mama yule alinijia nyumbani. Yeye hakuona kosa. Aliona Mchina akicheka na mwalimu kama marafiki wa siku nyingi. Alikuwa na mbuzi mmoja jike, naye alitaka kumwuza ili binti yake aingie darasa lile lile langu.

"Mwalimu, niambie tu pesa nizipeleke wapi."

Uso ulinichoma. Nikamweleza kisa cha ndizi chote, nikamwomba amweke mbuzi mwezi mmoja.

Mwezi huo nilitafuta madarasa yatoayo somo la kwanza bila malipo. La kwanza lilikuwa na wanafunzi 40, sote tumezimwa sauti. Nilitoka kama nilivyoingia. La pili lilianza na maandishi ya Kichina. Yanapendeza, na mwalimu yule alinisomea boksi langu la pampu: lasema libebwe kwa uangalifu. Lakini anayeanza huhitaji kwanza pinyin, yaani Kichina kiandikwacho kwa herufi kama hizi zetu, na alama za sauti juu yake. Mfumo huu ulikubaliwa rasmi nchini China mwaka 1958, na mkuu wa waliouunda ni Zhou Youguang, aliyezaliwa mwaka 1906 akafa mwaka 2017. Umri wa kutosha, nadhani, hata kwangu mimi kuzijua sauti nne.

Darasa la tatu lilikuwa la wanafunzi wanne. Mwalimu alinitaka niseme neno moja, akanikatiza. Nikasema tena, akanikatiza tena, mara nane. Alirekodi sauti yangu, akanisikizisha pamoja na yake. Jasho lilinitoka. Nilipomwuliza baada ya siku ngapi nitazungumza, aliniuliza nitafanya mazoezi dakika ngapi kwa siku. Chuoni tulikofundishwa ualimu tuliambiwa kwamba mwanafunzi asiyesahihishwa hulikomaza kosa lake. Niliwahi kulijibu hilo katika mtihani nikapata alama zote.

Kulikuwa na shida ya saa. China imetutangulia kwa saa tano. Darasa lao la saa mbili usiku huangukia saa tisa alasiri kwetu, nasi tungali shuleni. Tukachagua la Jumamosi. Bei kwa somo ilikuwa kubwa kuliko ile niliyolipa, lakini waliruhusu kulipa mwezi mmoja tu. Mbuzi akabaki zizini. Kuku watatu wakaenda sokoni.

Sasa kila Jumamosi binti huketi chini ya mwembe wangu, simu yangu mkononi. Juma lililopita mama yake alipita, akasimama kumsikiliza: mǎi, mǎi, mǎi, robo saa nzima.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "kuku watatu kwa neno moja?"

Nikamwambia kwamba Jumamosi ijayo atajifunza kuuza.