Jumapili ya Magari ya Chini

Sisi tunaishi City Heights, San Diego, mtaa ambao ukisimama kituo cha basi pale University Avenue utasikia Kisomali, Kivietinamu, Kihispania na, ukibahatika, mama akimgombeza mtoto kwa Kiswahili. Mara nyingi mama huyo ni mimi.

Safari ninayotaka kuwasimulia haikuzidi dakika 20 kwa gari. Ilinichukua miezi 3 kukubali kuifanya.

Ilianza kijana wangu wa pili alipomaliza sekondari. Alikuwa amejiandikisha koleji, lakini kila nikirudi kazini simkuti na vitabu. Namkuta nyumba ya 3 kutoka kwetu, kwa mzee mmoja wa Kimeksiko, miguu inaonekana nje, mwili wote umeingia chini ya gari. Gari lenyewe ni Chevrolet Impala ya mwaka 1964, milango 4, rangi ya samli. Nilidhani wanalitengeneza. Nikaja kuambiwa kwamba gari halina ubovu wowote, wanalishusha.

"Linashushwa liende wapi?" nikauliza.

"Chini, mama. Likae chini."

Mimi ni mtoto wa dereva. Marehemu baba aliendesha Pijo 504 stesheni kati ya Tanga na Pangani, enzi ambazo barabara ile yote ilikuwa vumbi na mawe. Kazi yake ya usiku ilikuwa kuliinua gari. Alikata vipande vya tairi kuukuu na kuvipachika katikati ya koili za springi, ili asubuhi likijaa watu, nazi na matenga ya samaki lisilale matakoni. Kwetu gari lililoinama lilikuwa gari lililochoka, na mwenye gari lililochoka alikuwa mtu wa kuonewa huruma. Sasa mjukuu wake anatumia jasho lake kulifanya gari zima lionekane limekatika springi!

Lakini niseme ukweli. Springi hazikuwa zinanikosesha usingizi. Nilikuwa naogopa polisi. Kijana mweusi ndani ya gari la namna ile, usiku, katika nchi hii: mama yeyote anayesoma hapa anajua nilichokuwa nakiona nikifumba macho. Nikamkataza. Akaitikia "ndiyo, mama" kwa adabu zote, na kesho yake miguu ikaonekana tena chini ya gari.

Siku niliyokwenda kugombana na mzee ndiyo siku walipoharibu kazi. Nilimkuta kijana amekaa kwenye ndoo, kichwa chini, mkononi ameshika springi. Nikavuta kigoda, nikasikiliza, na kwa kuwa nimekulia gereji nilielewa zaidi ya walivyotegemea.

Springi ya mbele ya gari lile imekaa juu ya mkono wa chini wa gurudumu, kama katikati yake. Kwa hiyo ukipunguza inchi 1 kwenye springi, gari linashuka karibu inchi 2. Halafu springi ikiwa fupi inakuwa ngumu zaidi. Ndiyo maana fundi mwenye akili anakata nusu koili, anairudisha, anateremsha gari, analisukuma mbele na nyuma likae sawa, anapima, kisha ndipo anaamua kama akate tena. Kijana wangu alikata koili 2 kwa mpigo. Springi ikawa fupi hata haibanwi vizuri kwenye kikombe chake, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka. Chuma ukishakikata hukiungi tena.

Mzee hakupandisha sauti. Alimwonyesha kwa kidole jinsi ya kuweka jeki chini ya ule mkono kabla ya kulegeza boljointi, kwa sababu springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu, na jinsi ya kuteremsha jeki taratibu mpaka springi yote imelegea. Akamwambia kata kwa diski, usikate kwa moto wa gesi. Zamani vijana walizipasha moto springi mpaka zikalala zenyewe, na chuma kikishapata joto lile kinapoteza uhai wake. Halafu akaagiza springi nyingine kwa fedha yake.

Nikaondoka bila kugombana. Wiki iliyofuata nikapeleka sambusa.

Ni katika kula zile sambusa ndipo mzee aliponipa historia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Kimeksiko wa California walinunua magari yaliyokwisha tumika na kuyafanya yapendeze. Wazungu wenzao walikuwa wanataka gari la kasi, wao wakataka gari la chini na la polepole. Wasio na fedha ya fundi walitia mifuko ya mchanga kwenye buti. Nilicheka peke yangu. Baba yangu angetoa kitu gani asibebe mzigo ule, na hawa wanautia kwa makusudi!

Serikali ya jimbo haikupendezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikatungwa sheria kwamba sehemu yoyote ya gari isiwe chini kuliko sehemu ya chini kabisa ya ringi. Mwaka 1959 kijana mmoja wa San Bernardino, Ron Aguirre, akaifungia Corvette yake pampu za haidroliki zilizotoka kwenye ndege za vita. Polisi akitokea, unabonyeza swichi gari linainuka. Akipita, unalilaza tena. Kutokana na ujanja ule ndiyo yakaja haya magari mnayoyaona kwenye video yakirukaruka kama mbuzi, na betri zimejaa buti nzima. Mzee wetu hayataki hayo. Anasema gari lake lina miaka yake, halichezi ngoma.

National City, mji ulioungana na San Diego kwa kusini, ulikwenda mbali zaidi. Mwaka 1992 ulipiga marufuku kuendesha gari kwa kuzungukazunguka barabarani kwa starehe. Marufuku ile ilidumu miaka 31, ikafutwa 2023. Mwaka huo huo California ikapitisha sheria ya kuondoa makatazo ya aina hiyo katika jimbo zima, pamoja na ile ya urefu wa gari, na ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2024. Kijana alikuwa akinitafsiria, na hapo akanitazama machoni. "Kwa hiyo mama, si kosa tena."

Si kosa kwenye karatasi, nikamjibu. Lakini nikakubali kwenda kuona.

Tulianzia Chicano Park, kwa sababu mzee hakubali kupita bila kusimama pale. Msitarajie bustani ya maua. Iko chini ya daraja la Coronado, na kila nguzo ya zege imechorwa kuanzia chini mpaka juu: wakulima, mashujaa, akina mama, miungu ya kale ya Waazteki. Mtaa wa Barrio Logan ulipitiwa katikati na barabara kuu, Interstate 5, miaka ya 1960, kisha 1969 likaja daraja. Wenyeji walikuwa wameahidiwa bustani. Tarehe 22 Aprili 1970 wakaona matingatinga yanasawazisha ardhi, wakaambiwa kinachojengwa ni kituo cha polisi wa barabara. Wakaingia uwanjani na majembe, wakapanda miti wenyewe, na hawakutoka mpaka wakapewa ardhi. Kila Aprili wanaadhimisha siku ile, na magari ya chini yanakuja kwa mistari.

Mzee alituonyesha upande ilipokuwa nyumba ya wazazi wake. Sasa kuna nguzo na magari juu yanapita hayasimami. Impala ilikuwa ya baba yake, ndiyo kitu pekee kilichobaki.

Hapo ndipo nilipojikuta nazungumza. Nilimweleza kijana jambo ambalo sikuwahi kumwambia: babu yake alipofariki, 2011, mimi sikwenda kuzika, kwa sababu makaratasi yangu yalikuwa hayajakamilika na nikitoka nisingerudi. Kaka zangu waliiuza Pijo kwa kilo, chuma chakavu. Nililipata habari hilo kwa simu, nikiwa kazini, nikasema sawa. Nini kingine ningesema? Kijana alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna picha.

Kuna moja. Baba amekaa kwenye boneti, mimi nimesimama kwenye bampa.

Jioni tukaingia Highland Avenue, National City. Msomaji ukipata nafasi nenda, na upeleke watoto, kwa sababu ni shughuli ya kifamilia kuliko nilivyodhani. Bibi wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya barabara, watoto wanakula mahindi yaliyopakwa jibini, na magari yanapita kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu. Ringi za spoki za inchi 13, rangi zinazometa kama halua. Moja lilikuwa limeinua gurudumu la mbele kama mbwa kwenye mti. Polisi walikuwepo, nami niliwahesabu. Wanne. Mmoja alikuwa anapiga picha ya Cadillac.

Impala yetu (naona nimeshaanza kusema yetu) haikuruka. Ilikuwa imeshuka inchi 3 tu mbele, na nyuma imelingana. Kijana alinieleza kazi iliyofuata baada ya springi: shokapu zikabadilishwa kwa fupi, alaimenti ikapigwa upya ili tairi zisilike upande mmoja, taa za mbele zikapandishwa maana zilikuwa zinamulika lami. Na nyuma hawakuthubutu kushusha zaidi, kwa sababu propela ya gari lile inapita ndani ya chasisi, ingegonga. Alizungumza hivyo kwa dakika 10 bila kugusa simu. Koleji ameanza mwezi wa 8, masomo ya ufundi magari. Mimi nilitaka uuguzi. Tumeshazozana, yamekwisha.

Wakati wa kurudi mzee alimpa yeye usukani. Tumefika mtaani kwetu, kuna tuta lile mbele ya shule, na kijana akalipanda kwa upande, gurudumu moja moja, kama alivyofundishwa. Njia ya Pangani, gari likijaa, baba alikuwa akitutania tukifika penye mawe: "Inueni miguu, watoto, mpunguze uzito!"

Chini ya sakafu nikasikia chuma kinakwaruza lami kidogo. Nilipotazama, miguu yangu yote miwili ilikuwa juu.